Mtende wa Mama Kabira

Al Barsha, Dubai
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Hiyo ni ya kwako. Ya Mama mfikishie kwa mdomo, kwa sababu barua hii hutamsomea. Unisamehe kukuamuru wewe mkubwa wangu, lakini ukifika katikati utaona kwa nini. Naomba ikukute goti limetulia, watoto wazima, na shemeji amekwisha kugombana na yule jirani wa mbuzi. Masika yameshuka huko? Hapa mvua tunaisikia kwenye simu tu, mtu akipigiwa na kwao.

Najua utaigeuzageuza karatasi ukidhani simu yangu imeibwa. Haijaibwa. Ila simu yako wewe ikilia unaiweka sauti kubwa ukumbini, nyumba nzima inasikiliza, na Mama ndiye wa kwanza kusogeza mkeka. Presha yake haya haiyawezi. Basi barua nampa Bi Salama, yule mama wa Tanga anayekuja huku soko la Naif kununua mashuka na madera ya kuuza. Anaruka kesho. Mwenzangu wa hapa kazini, Wambui, ndiye atakayemfikishia, maana mimi leo sitoki. Kwa nini sitoki, nitakwambia.

Mwili wangu mzima. Roho ndiyo imekaa upande.

Nianze na mazuri, maana yapo. Huu ndio mwezi bustani za huku zinapendeza kupita zote. Sisi tuna masika na vuli. Wao wana joto na wana nafuu. Nafuu inaanza mwishoni mwa mwaka, tunapanda, na ikifika Machi kila kitu kinachanua kwa pamoja utadhani vimeitana. Njia yote kutoka getini nimeipanga petunia, nyeupe na zambarau. Ukutani bogenvilia imepanda hadi inachungulia kwa jirani. Miche yote nimeilea mwenyewe kwenye vikopo vya mtindi, ukiiona utasema huyu siye Mbwana aliyekuwa akikimbia palizi. Lakini mwezi wa tano jua litakuja kuichukua yote. Kila asubuhi nikishika mpira wa maji nayatazama yale maua na kujua kwamba hayana muda.

Kwenye kona karibu na jiko nimepanda asumini na mrehani. Hivyo ni vya Mama Kabira. Ndivyo wafanyakazi tunavyomwita bibi mkubwa wa nyumba, mamake bwana. Madam, mkewe bwana, ni mtu wa haraka na orodha. Mama Kabira ni wetu, dada. Alizaliwa Unguja, akaondoka msichana mdogo, na Kiswahili chake ni kile cha zamani, kinanukia mkarafuu. Mimi nilichukuliwa kazi kwa sababu yake. Alitaka mtunza bustani wa kumsemesha. Siku ya kwanza alinitazama juu hadi chini akasema, "Mpwani kweli wewe, au mpwani wa kwenye makaratasi?" Nikamwimbia majina ya minazi yetu, mmoja mmoja, hadi ule uliopinda nyuma ya choo. Akacheka hadi akatoa kitambaa.

Kila asubuhi ya miezi hii, na tena alasiri, kiti chake kinawekwa chini ya mtende mkubwa katikati ya majani, na kahawa, na tende tatu kwenye kisahani. Husema huu ndio mwezi pekee ambao Dubai inamnukia kama kwao. Mtende ule aliuleta marehemu mumewe ukiwa kichipukizi, umefungwa gunia bichi, ameupakata garini njia nzima, wakati hapa palikuwa mchanga mtupu. Mama Kabira alishika taa, mume akachimba. Habari hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko khutba ya Ijumaa.

Sasa sikiliza.

Mwaka jana, wakati kama huu, niliona tundu kwenye shina la mtende ule, chini, usawa wa paja. Linatoka maji ya kahawia, mazito, yananuka kama tembo la mnazi lililolala. Mimi nikajua. Nani asiyejua kwetu? Chonga. Mdudu wa kwenye minazi, aliyekuwa akimpandisha Baba juu na waya wenye ndoana, wewe ukishika kamba chini na mimi nikisubiri kumlisha kuku. Nikatafuta waya, nikaukunja alivyoukunja Baba, nikachokoa. Wakatoka funza wawili wanene kama kidole gumba. Nikaziba tundu kwa majivu na chumvi, kama Baba. Nikacheka peke yangu kwamba chonga wa Dubai ni mvivu, hata kupanda kileleni hataki.

Lile la kutopanda, dada, ndilo lililotakiwa kunistua. Chonga hula juu.

Madam alikuwa tayari ameshika simu kuita kampuni ya kutibu mitende. Nikamwambia hakuna haja, madam, khalas, yamekwisha, nimeshamtoa, kwetu ndivyo tunavyofanya. Mama Kabira akanisifu mbele ya wageni kuwa mtoto wa mkwezi ana thamani kuliko gari la dawa. Nami nikavimba kichwa. Tundu likakauka. Mtende ukatoa tende nzuri, nikala, nikasahau.

Mwaka huu madam amejiunga na wanawake wenzake wanaotembeleana bustani. Kila Jumamosi ya msimu huu wanakwenda kwa mmoja wao, wanatembea kwenye maua, wanakunywa chai, wanapiga picha, wanarudi nyumbani wakiwa na husuda. Alikuwa akinichukua nimbebee boksi la vipandikizi anavyopewa. Nilizipenda safari hizo, sitakuficha. Nimeona bustani yenye mawaridi hadi juu ya paa. Nimeona nyumba yenye bwawa la mayungiyungi katikati ya jangwa, na mtu wa kazi yake ni kuokota majani yaliyoangukia majini tu. Nikasema kweli Mungu hugawa riziki.

Kwenye bustani ya tatu nikaona duara la petunia katikati ya majani, limekaa pasipo mantiki. Mtunza bustani wa pale ni Mhindi wa Kerala, anaitwa Biju. Tunaongea kile Kiarabu chetu cha kazini na mikono. Nikamuuliza, mbona umepanda mduara hapa? Akasema palikuwa na mtende. Ulianguka asubuhi moja, hakuna upepo, umejaa makuti mabichi na tende changa. Ukakata bembea katikati. Watoto walikuwa wameitwa kunywa maziwa.

Nikamwambia habari ya chonga na waya wangu, nikitegemea ashangae. Hakushangaa. Alinishika mkono kama mtu anayempeleka mwenziwe kutambua maiti, akaniongoza hadi kwenye mtende mwingine wa pale uliofungwa utepe mwekundu. "Weka sikio," akasema.

Nikaweka. Dada, mti ulikuwa unatafunwa ndani. Unasikia kabisa. Karakara, kimya, karakara.

Akasema huyo si yule wa minazi yenu. Huyu anaitwa susa. Wa kwenu anaingia, anakula, anatoka. Huyu anataga humo, wanawe wanakulia humo, nao wanataga humo humo, na mti unabaki kijani hadi siku ya mwisho. Ukitoa wawili kwa waya umewapunguzia msongamano waliobaki. Na mmoja akipata mti, wenzake huja kwenye mti wa jirani.

Safari ya kurudi sikuona njia. Madam alikuwa akiongea na simu mbele, mimi nyuma na boksi la mawaridi mapajani, miiba inanichoma na siitoi. Tulipofika nilishusha vitu, nikaenda moja kwa moja kwenye mtende wa Mama Kabira, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikaweka sikio.

Unatafuna.

Siku ile ile nilimwambia madam. Sikuficha neno. Nilimwambia nilikosea mwaka jana, mdudu si yule niliyemdhania, mti umeoza ndani, Mama asikae pale. Alinitazama kama ninayemdai likizo. Akasema, "Wewe ulisema khalas. Sasa unasema si khalas?" Jumamosi inayokuja ilikuwa zamu yake kupokea wageni. Kampuni itaitwa, akasema, ije Jumatatu, wageni wakishaondoka. Hawezi kuwa na gari la kreni na shimo juu ya majani yake. Na meza ya chai itakaa chini ya mtende ule ule, maana ndipo penye kivuli. "Na usimtie hofu mama mkwe wangu. Ana maradhi ya moyo. Yalla, nenda kamalize njia."

Nikaenda kumaliza njia. Ungefanya nini?

Wambui ndiye mpishi wetu, Mkikuyu wa Nyeri, mlokole, mdomo hauna breki ila moyo safi. Nilimwambia jikoni. Akaacha kukata vitunguu. "Mbwana, aki ya Mungu, hii mti itaua mtu na sisi tumenyamaza tu hapa tukipika biriani? Ongea na huyo mama mwenyewe. Kwani hamuongei lugha moja?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimejaribu ujanja. Nilikisogeza kiti uani, nikasema huku asumini inanukia zaidi. Nikirudi nakuta kakirudisha mwenyewe, anakikokota na fimbo yake. Nikamwaga maji pale chini pawe tope. Akavaa viatu vya mpira.

Basi Alhamisi nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia yote. Nilimwambia habari ya susa, waya wangu na bembea ya kwa akina Biju. Alikunywa kahawa yake hadi mashapo.

"Ewe Mbwana," akasema, "mti huu kaupanda marehemu kwa mikono yake. Mimi n'kishika taa. Umekaa nami ujane wangu wote. Leo unambie utan'angukia mimi?"

Nikasema ndiyo, Mama. Utakuangukia.

"Siku yangu ikifika, hata kitandani itan'fika. Na Jumamosi n'tawaketisha wajukuu hapa, tupigwe picha sote, kabla joto halijaja. N'letee tende nyingine."

Wajukuu wake ni wanne, dada. Mdogo anajifunza kutembea.

Sikulala vizuri. Niliwaza kumtafuta bwana, lakini alikuwa safarini hadi Ijumaa jioni, na namba yake sina. Mambo yangu yote hupitia kwa madam. Nikawaza kukaa kimya na kumwachia Mungu. Nikaona huko si kumwachia Mungu, ni kumsukumia mzigo wangu. Nikaamua kama mtende ni wa kuanguka, uanguke kwa saa yangu mimi.

Ijumaa mchana, dereva na wanaume wengine wa kazi msikitini, madam na watoto ndani wanakula, Mama Kabira chumbani kwake kwenye mswala, niliacha sala ya Ijumaa kwa mara ya kwanza tangu nije huku. Mungu anisamehe. Wambui alifunga mlango wa nyuma kwa ufunguo na kuutia kifuani. Nilirusha kamba yenye jiwe hadi ikapita katikati ya makuti, nikaikaza. Wambui akashika kamba mahali pako, anaomba kwa sauti, jina la Yesu kila mvuto. Nikaanza msumeno.

Nilikuwa na hofu moja kubwa kuliko polisi. Nilihofia nitakuta mti mzima. Niwe nimesikia vibaya, nimekata mti hai wa bibi mjane kwa sababu ya sauti iliyokuwa kichwani mwangu. Msumeno ulipopita gamba ukazama wenyewe, kama kwenye boga bovu. Harufu ikatoka, tukashika pua. Ndani hamna mti. Kuna uji wa nyuzi nyuzi na funza wengi wanacheza. Gamba lililokuwa limebeba kilele chote kile halizidi upana wa kiganja changu. Wambui hakuvuta hata mara mbili. Ulikwenda wenyewe, ukalalia petunia zangu na meza ya chai iliyokwisha kuandaliwa.

Kishindo kikatoa watu wote.

Mama Kabira alikuja na vazi lake la kusalia. Nilimkimbilia. Nikamwonyesha shina, nikamwambia, Mama, tazama, tazama ndani. Hakutazama ndani. Alitazama kilele, yale makuti mabichi na mashada ya tende changa yaliyotawanyika chini. Kisha akaniuliza kwa Kiarabu, "Leish?" Yaani kwa nini. Nikamjibu kwa Kiswahili, nikamjibu yote. Akasema, "Ruh." Nenda. Tangu nimjue, dada, hajawahi kunisemesha Kiarabu. Iliniuma kuliko kofi. Nimelia kwa ajili ya neno hilo, mtu mzima mimi, na Wambui kaona.

Wageni wakazuiwa kwa simu. Bwana aliporudi jioni alisimama juu ya lile shina muda mrefu. Madam akamwambia huyu ndiye aliyesema ameutibu, kampuni ikazuiwa, mti ukaoza, na sasa kauangusha nusura aue watu. Na utamkatalia kipi hapo? Bwana si mtu wa kelele. Alisema yeye ndiye kafeel wangu, mdhamini wa kibali changu, na ataamua mwenyewe, polisi au uwanja wa ndege. Hadi atakapoamua nikae chumbani kwangu nyuma ya gereji. Nikitia mguu bustanini tena, anaita polisi papo hapo. Pasi anayo yeye. Nilimwambia, bwana, mitende mingine isikilizwe, hasa ule wa karibu na bembea ya wajukuu. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba ushauri wangu wa mitende ameshausikia vya kutosha, na kampuni inakuja Jumatatu.

Kwa hiyo nimekaa. Dirisha langu linaona kipande cha bustani. Tangu jana kiti cha Mama Kabira kimewekwa chini ya mtende ule wa bembea. Jua limeshaanza kuwa kali, na kivuli kingine kikubwa hamna. Mti wenyewe umenona, hauna tundu, umetoa maua. Kila mtu anaupigia mfano: huu ndio mzima. Nimemwomba Wambui akipeleka kahawa ya alasiri ajifanye anaokota kitu, aweke sikio. Hajarudi.

Wewe usimwambie Mama chochote hadi upate neno langu la pili. Akikuuliza, sema Mbwana anasalimia na maua yamechanua, si uongo. Nisalimie shemeji, mwambie jirani ni jirani hata mbuzi wake akila khanga. Msalimie shangazi wa kule mtoni na macho yake, mwalimu wangu wa madrasa aniombee dua bila kuuliza ya nini, fundi baiskeli anayeniwekea ile baiskeli yangu asiiuze, na yule mama wa vitumbua ambaye nisipomtaja atanuna. Wanao wabusu mmoja mmoja, mkubwa mwambie

Wambui ameingia. Hakuweka hata sinia chini. Anasema, "Mbwana, huko ndani ni kama mtu anakula njugu." Kamwambia Mama Kabira aondoke, Mama kamfukuza. Watoto wametoka usingizini, mmoja yuko mapajani kwake na wawili wako kwenye bembea.

Barua ataifunga yeye. Mimi nakwenda bustanini kumbeba Mama, apende asipende.

Mdogo wako,
Mbwana